Japani ya kina bibi: viazi vikavu, panzi na figili ya moshi

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 nilikuwa Japani kwa wiki tatu, kwenye mafunzo ya waandishi wa habari kutoka nchi mbalimbali. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: "Vipi, sushi ulikula?"

Nilikula, jamani. Samaki mbichi juu ya wali, mtu unazoea. Ila sushi hata hapa Dar es Salaam mwenye hela yake anaipata. Mimi leo nataka kuwasimulia vyakula visivyo na matangazo, ambavyo vijana wengi wa Tokyo wenyewe hawavigusi. Nilivijua kwa sababu ya mtu mmoja tu, mkalimani wetu, mama wa makamo mzaliwa wa Akita, huko kaskazini kwenye theluji. Siku ya pili alitusikia tukisifia chakula cha hotelini, akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema: "Hicho mlichokula ni cha wageni. Chakula cha Japani kiko kwa mabibi." Tukamwomba atupeleke. Tulikuwa na mwisho wa wiki tatu, na zote tatu hatukupumzika.

Jumamosi ya kwanza tulipanda treni kituo cha Ueno hadi Katsuta, mwendo wa saa moja na kitu, kisha tukaingia kwenye kitreni kidogo kinachokwenda Ajigaura, kando ya bahari ya Pasifiki. Mji wenyewe unaitwa Hitachinaka, mkoa wa Ibaraki. Jua linawaka lakini upepo wa baharini unakata masikio. Pembeni mwa mashamba nikaona vichanja virefu vimetandazwa vipande vya rangi ya dhahabu. Nikasogea, nikainama. Sikuamini. Matobolwa!

Kwa wasiotoka kwetu, ngoja nieleze. Usukumani viazi vitamu tunavihifadhi kwa njia mbili. Ukivimenya vibichi, ukavikata na kuvianika, hiyo ni michembe. Ukivichemsha kwanza, ukavimenya, ukavikata, ndipo ukavianika, hayo ni matobolwa. Wajapani wa Ibaraki wanapika viazi kwa mvuke, wanavimenya vingali vya moto, wanavipitisha kwenye fremu yenye nyaya zilizokazwa ili vikatike sawasawa, kisha wanavianika. Chakula hiki wanakiita hoshiimo, yaani "kiazi kilichokaushwa". Hakuna sukari wala chumvi inayoongezwa, na kikikaa kinatoa unga mweupe juu. Mgeni atadhani ni ukungu, kumbe ni sukari ya kiazi chenyewe imejitokeza.

Karibu sehemu tisa kati ya kumi za hoshiimo ya Japani nzima zinatoka mkoa huo mmoja. Siri ni majira yao ya baridi: jua lipo, mvua hakuna, upepo mkavu unavuma. Wenyeji wanakiheshimu kiazi hiki kiasi kwamba mwaka 2019 walikianzishia hekalu la Kishinto pale Ajigaura, Hoshiimo Jinja, lenye malango yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Na kwa kuwa neno "hoshii" lina maana ya kutaka, watu wanakwenda pale kuomba wanachokitaka. Niliomba na mimi. Siwaambii nini.

Bei sasa. Mfuko wa gramu 300 niliuziwa karibu yen 1,000, kama shilingi 16,000 kwa viwango vya wiki ile. Kumi na sita elfu, kwa matobolwa!

Nilimuuliza mkalimani kama tangu zamani kilikuwa chakula cha wenye nazo. Akatikisa kichwa. Kiazi kitamu kilifika Okinawa mwaka 1605 kutoka China, kikapanda taratibu kwenda kaskazini. Mwaka 1732 njaa kubwa ikawapiga watu wa magharibi ya nchi, lakini sehemu zilizokuwa na viazi zilipata unafuu. Ndipo mtawala Tokugawa Yoshimune akamwagiza msomi mmoja, Aoki Konyo, akijaribu kiazi hicho karibu na Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo. Hiyo ilikuwa 1735. Karne mbili baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili na miaka ya njaa iliyofuata, viazi vililimwa kila penye udongo. Ndiyo maana, alisema, wapo wazee ambao mpaka leo ukiwawekea kiazi mezani wanageuza uso. Walikula viazi asubuhi, mchana na jioni utoto wao wote, wakaapa kutovirudia. Wajukuu zao ndio wanaopanga foleni kuvinunua kwa yen elfu moja.

Hapo nikaanza kukiangalia kila kilichowekwa mbele yangu kwa jicho lingine. Nikawa nauliza swali moja tu: hiki kilizaliwa na shida gani?

Kesho yake tukaenda Kawagoe, mji ulio kama nusu saa kwa treni kutoka Ikebukuro. Nao ni mji wa viazi. Zamani viazi vyake vilishushwa kwa mashua mtoni mpaka Edo, na wauza viazi walikuwa na msemo wao mtamu sana. Kiazi walikiita "jusanri", yaani "ri 13", ri ikiwa kipimo cha njia cha karibu kilomita nne. Kwa nini 13? Kwa sababu walitamba kwamba viazi vyao ni vitamu kuliko kuri, kokwa moja inayopendwa sana huko. Sasa "kuri" inasikika kama "ri 9", na "yori", yaani "kuliko", inasikika kama "ri 4". Tisa na nne ni 13. Na inasemekana umbali wa Kawagoe na Edo nao ni ri 13. Hao ni wauza viazi wa mtaani, si wasomi! Mwambie mtu wa matangazo wa leo akutungie kama hiyo.

Pale Kawagoe kuna kichochoro cha vitamutamu kinaitwa Kashiya Yokocho. Ndimo nilimojifunza neno "dagashi". Zamani sukari nyeupe ilikuwa ya wakubwa, na vitamu vyao vilikuwa na jina lao la heshima. Watoto wa watu wa kawaida walipata vitamu vya sukari ya kahawia na nafaka za bei ya chini, na hivyo ndivyo dagashi. Nilinunua fugashi, kijiti chepesi kama sponji kilichopakwa sukari ya kahawia. Pale wanauza ndefu zinazokaribia mita moja! Nikatembea nayo begani kama bunduki, watoto wananicheka. Ukiitafuna inayeyuka, hutakumbuka kama ulikula kitu. Mtetemeko mkubwa wa 1923 ulipoiangusha Tokyo, kichochoro hiki ndicho kilichopata kazi ya kulisha watoto wa mji mkuu. Sasa maduka yaliyobaki ni ishirini na kitu.

Wiki iliyofuata tulikwenda Nagano, mkoa wa milima usiogusa bahari hata kwa kidole. Tulipanda basi kutoka Shinjuku, mwendo wa saa tatu na nusu hivi, mpaka mji wa Ina. Fikirieni: nchi inayosifika kwa samaki, halafu wewe umezaliwa bondeni, milima huku na huku, na miaka hiyo hakuna friji wala barabara. Nyama ya mwili utaitoa wapi? Watu wa Nagano waliitafuta kwenye majani na mtoni.

Dukani tuliwekewa vibakuli vitatu. Cha kwanza inago, panzi wa mashamba ya mpunga. Cha pili hachinoko, watoto wa nyigu, weupe na wanono. Cha tatu zazamushi, wadudu wadogo wanaoishi chini ya mawe ya mto Tenryu. "Zaza" ni mlio wa maji yanayokimbia juu ya mawe, na "mushi" ni mdudu. Wanavuliwa majira ya baridi tu, kuanzia Desemba hadi Februari, na huwezi kuingia mtoni bila kibali cha chama cha wavuvi. Wenye vibali wamebaki wachache, na wengi ni wazee. Kusimama kwenye maji ya Januari ukigeuza mawe si kazi ya kumtamanisha kijana mwenye simu mkononi.

Wote watatu wanapikwa kwa mtindo wa tsukudani, yaani kuchemshwa kwa sosi ya soya na sukari mpaka mchuzi ukauke na kung'aa. Mtindo huo ulipata jina lake kwenye kisiwa cha Tsukuda, pale pale Tokyo, ambako wavuvi walihifadhi dagaa wao hivyo. Bara wakauchukua, wakaweka panzi mahali pa dagaa.

Kundi letu likanyamaza. Wenzetu wawili wakakumbuka ghafla kwamba wameshiba. Mkalimani mwenyewe alisogea pembeni, akasema Akita hawali wadudu, yeye kazi yake ni kutafsiri tu! Aliyetuokoa ni mwenzetu Mganda, mtu wa Masaka, na Masaka ni kwenye senene zake. Alivuta kibakuli cha panzi, akamgeuza mmoja, akaona miguu imenyofolewa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akala. Akala tena. Mwenye duka, mzee wa miaka sabini na zaidi, akasimamisha kazi yake amwangalie. Mganda akamwambia mkalimani: "Mwambie mzee hawa ni ndugu wa senene wetu, ila amewaharibu kwa sukari. Sisi tunatia chumvi na kitunguu."

Yule mzee alicheka, akavuta kiti, akakaa nasi. Aliuliza tunawakamataje. Mganda akaeleza habari ya taa kali na mabati usiku. Mzee naye akaeleza kwamba alipokuwa mtoto waliwakamata asubuhi, umande ukiwa haujakauka na panzi wamezubaa kwa baridi, wakawatia kwenye mfuko wa kitambaa na kuwalaza humo usiku mmoja ili watoe uchafu tumboni. Baada ya vita zikaja dawa za kuua wadudu, panzi wakapungua mashambani. Mimi niliwaonja wote watatu. Panzi ana ladha ya kamba mdogo aliyekaangwa, nyigu anateleza kama njugu iliyoiva, na zazamushi ana kaladha kachungu ka mto. Ningekula tena? Panzi na nyigu, ndiyo. Yule wa mtoni nawaachia wenyewe.

Sasa tufike Akita, maana huko ndiko kulikonifanya niandike haya yote.

Wiki ya mwisho tulipanda treni ya kasi ya Komachi, tukabadilisha Omagari, tukashuka Yokote. Theluji ilikuwa imerundikwa kando ya barabara kunizidi kimo. Tulikwenda nyumbani kwa mama mkubwa wa mkalimani wetu, bibi wa miaka themanini na ushei, mgongo umepinda lakini macho makali. Nilimsalimia kwa kuinama sana, na kwa Kiswahili nikasema "Shikamoo bibi." Mkalimani alipomweleza kwamba ni salamu ya mtu mdogo kwa mkubwa, akataka niirudie. Nikafundisha na "marahaba". Siku nzima akawa ananiitikia marahaba kwa kila kitu, hata nilipoomba maji.

Akatuwekea chai na sahani ya vipande vya duara vya rangi ya kahawia. "Gakko," akasema. Kijapani cha shuleni "gakko" ni shule, lakini kwa lafudhi ya Akita gakko ni achari. "Iburi" ni kufukiza moshi. Kwa hiyo iburi-gakko ni achari ya moshi, inayotengenezwa kwa daikon, figili zile nyeupe ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Sehemu nyingine za Japani figili za achari zinaanikwa juani kwanza. Akita haiwezekani, kwa sababu theluji inawahi na jua linajificha miezi mizima. Basi watu wa kale wakazitundika ndani, juu ya meko iliyochimbwa katikati ya sakafu, moto uliowapasha watu ukazikausha na figili. Moshi ukaingia. Baadaye kikajengwa kibanda maalumu nje. Figili zinafungwa kwa kamba, zinaning'inizwa, chini unachochewa moto wa mwaloni au mcheri usiku na mchana kwa siku kadhaa, na lazima mtu aamke usiku kuuangalia. Kisha zinalazwa kwenye pipa lenye pumba za mpunga, chumvi na sukari kwa zaidi ya mwezi.

Niliweka kipande mdomoni. Kilikuwa kigumu, kinalia unapotafuna. Kwanza chumvi, halafu utamu, halafu nikanusa jiko la kuni la kijijini, paa la nyasi lililoiva moshi. Nilikula sahani nzima.

Nikamuuliza bibi anauza wapi. Hapo mkalimani akachelewa kidogo kutafsiri.

Alikuwa akiuza kwenye soko la wakulima, kando ya barabara kuu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa hauzi. Mwaka 2012 kule Sapporo, kisiwa cha Hokkaido, achari ya kabichi iliyotiwa chumvi kidogo ilibeba bakteria wa O157. Watu 169 waliugua, 8 wakafa. Serikali ikarekebisha Sheria ya Usafi wa Chakula mwaka 2018, ikaanza kutumika kwa watengeneza achari Juni 2021, na muda wa kujiandaa ukaisha mwishoni mwa Mei 2024. Tangu hapo, kutengeneza achari ya kuuza kunahitaji leseni. Ili uipate, uwe na chumba cha kazi kilichotengwa na jiko la nyumbani, na mabomba yanayofunguliwa bila kushikwa kwa vidole. Ruzuku ya mkoa ilikuwepo kwa waliotaka kukarabati.

Mimi ni mwandishi wa habari, nikaona habari hiyo mbele yangu: serikali inamwonea bibi. Nikamuuliza kama ana hasira. Akanywa chai kwanza. Akasema hana. Watu walikufa, serikali ifanye nini? Ila kwa umri wake, akauliza, amjengee nani jiko jipya? Mwanawe yuko Sendai, mjukuu yuko Tokyo. Akita karibu watu 4 katika kila 10 wana miaka 65 na kuendelea. Hakuna mkoa wenye wazee wengi zaidi katika Japani nzima. Jirani zake wawili waliokuwa wakiuza pamoja naye sokoni nao wameacha. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake cha chumvi na mti wake wa kuni, na wateja walijua figili ya nani ni ipi bila kusoma lebo.

Sijapata mtu wa kumlaumu kwenye habari hii, na hilo linanisumbua. Achari ya bibi siyo iliyoua, lakini mkaguzi hawezi kupita kila pipa akiuliza wewe ni mzembe au ni bibi mwangalifu. Sisi wenyewe mwaka 2016, Dodoma na Manyara, tulizika watu wapatao 20 kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Anayesema "vya asili havina madhara" akawaambie hao waliofiwa. Usalama wa chakula si anasa ya Wazungu wala Wajapani.

Lakini tusidanganyane pia. Iburi-gakko haitapotea. Viwanda vinaitengeneza vizuri, na tangu 2019 jina lenyewe linalindwa kisheria kama bidhaa ya Akita. Nilinunua ya kiwandani kituoni, ni tamu, ukiiweka pamoja na jibini laini ni tamu zaidi. Jina limepata ulinzi, mikono ndiyo haikupata. Zile figili za bibi watatu wa soko moja, zenye ladha tatu, ndizo hazitarudi, na hakuna gazeti lililoandika tarehe zilipokwisha.

Hili ndilo nililorudi nalo. Kiazi cha Ibaraki kilikuwa chakula cha njaa, sasa ni cha yen elfu moja kwa sababu kuna watu waliendelea kukianika hata kilipodharauliwa, kisha wakakifungasha vizuri. Figili ya Yokote ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kuipokea. Tofauti ya hivi viwili sijaiona kwenye ladha hata kidogo. Nimeiona kwenye swali la nani anakaa karibu na bibi akiwa bado na nguvu ya kuamka usiku kuangalia moto.

Wiki iliyopita nilimpigia mama simu Shinyanga, nikamwomba ampe bibi simu. Nikamuuliza: viazi vya matobolwa ni vya aina gani, vinachemshwa muda gani, vinakatwa vinene kiasi gani, vinaanikwa siku ngapi, unajuaje vimeiva? Bibi akauliza, "Mwanangu, huko gazetini hawakulipi?" Nilicheka, lakini nilikuwa na kalamu mkononi. Nimejaza kurasa mbili na nusu na hatujamaliza. Kwenye kipimo cha maji amesema siyo neno la kusimuliwa kwa simu, niende.

Nitakwenda msimu wa viazi. Nanyi wadau, yupo bibi wa kumpigia? Basi msingoje.